Kuvuka Mpaka kwa Kazi ya Ufundi ya Muda Mfupi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni ya fundi, mhandisi au mtaalamu wa mifumo anayetumwa nchi nyingine kufunga mtambo, kurekebisha mashine, kuwasha mfumo mpya au kufundisha watumiaji, kisha arudi. Sheria za nchi hazifanani na hubadilika, kwa hiyo mifano iliyomo ni ya kuonyesha zinavyofikiri. Kabla ya kukata tiketi, soma tovuti ya uhamiaji ya nchi unayokwenda, si ya wakala wa viza.

## Mambo ya kuanzia

Naenda siku tatu tu. Hiyo nayo ni kazi?

Inaweza kuwa. Hakuna idadi ya siku ambayo ukiwa chini yake kazi inaacha kuwa kazi. Uhamiaji huangalia kwanza mikono yako itafanya nini na nani atanufaika. Kukaa kikaoni, kutembelea kiwanda, kujadili mkataba: nchi nyingi huziita hizo shughuli za biashara. Kushika spana, kuvuta nyaya, kubadili kadi ya seva au kuandika programu ndani ya mtambo wa mteja ni jambo jingine, na hapo ndipo nchi zinapoachana njia. Wiki nne za vikao zinaweza kuwa halali kabisa kwa viza ya biashara, na saa mbili za kushika spana zikawa kosa.

Mshahara wangu unalipwa nyumbani. Bado nahitaji kibali?

Kulipwa nyumbani kunasaidia, na mara nyingi ni sharti, lakini peke yake hakutoshi. Ofisa ana swali la pili ambalo halisemi kwa sauti: kazi hii haiwezi kufanywa na mtu wa hapa? Ndiyo sababu kazi za ujenzi hubanwa zaidi kuliko kufunga mashine. Aliyenunua mashine ya kipekee anamhitaji fundi wa kiwanda kilichoiunda, ila mwashi na mfunga mabomba wapo kila mahali.

Viza ya biashara inaruhusu kufunga au kurekebisha mashine?

Katika nchi kadhaa inaruhusu, kwa masharti. Marekani, mwenye viza ya biashara, iitwayo B-1, anaweza kufunga, kuhudumia au kurekebisha mashine za kibiashara au za viwandani zilizonunuliwa kutoka kwa kampuni iliyo nje ya Marekani, mradi mkataba wa mauzo unaitaja huduma hiyo na mshahara hautoki Marekani. Ujenzi haumo, anachoruhusiwa huko ni kusimamia au kufundisha wanaojenga. Kanada nayo ina utaratibu wa huduma baada ya mauzo unaofanana na huo, na pale pia kazi za mikono za ujenzi zimewekwa kando.

Uingereza humruhusu mgeni aliyeajiriwa na mtengenezaji au msambazaji wa nje kufunga, kufungua, kurekebisha au kutoa ushauri juu ya mitambo, kompyuta na programu, ikiwa mwajiri wake ana mkataba wa kuuza au kukodisha na kampuni ya Uingereza. Ujerumani hutoa siku 90 ndani ya miezi 12 kwa kufunga na kutengeneza mashine zilizoagizwa kutoka kwa mwajiri wa fundi, lakini mwajiri huyo lazima aiarifu idara ya ajira kabla kazi haijaanza.

Ukizitazama kwa pamoja utaona zote zinarudi kwenye karatasi ileile: mkataba wa mauzo. Kama muuzaji wenu alisahau kuandika kwamba ufungaji na matengenezo ni sehemu ya bei, wewe ndiye utakayesimama dirishani bila hoja. Nawashauri wahandisi wausome mkataba kabla haujatiwa saini, hata kama idara ya mauzo itanung'unika.

Nchi ninayokwenda hainidai viza. Si naingia tu?

Kuingia bila viza ni ruhusa ya kuvuka mpaka. Unachoruhusiwa kufanya ukishavuka huamuliwa na sheria nyingine. Mwenye ESTA, idhini ya mtandaoni ya Marekani kwa wasiodaiwa viza, kwa mfano, hupata hadi siku 90, lakini kwa shughuli zilezile za B-1.

Tarehe 4 Septemba 2025, maofisa wa uhamiaji wa Marekani walivamia eneo la ujenzi wa kiwanda cha betri cha Hyundai na LG Energy Solution katika jimbo la Georgia na kukamata watu 475, zaidi ya 300 kati yao wakiwa raia wa Korea Kusini. Baadhi yao walikuwa wameingia kwa viza za biashara au kwa utaratibu wa kutodaiwa viza. Baada ya hapo serikali hizo mbili zilikaa na kuzungumzia kwa kirefu mafundi wa kufunga mitambo wanaruhusiwa kufanya nini. Kwa anayetumwa leo, jambo la kuzingatia ni kwamba ukaguzi hauishii uwanja wa ndege. Unaweza kukufuata hadi kwenye eneo la kazi, ukiwa umevaa kofia ngumu.

## Karatasi

Barua ya mwaliko iandikwe nini?

Iandikwe kazi yenyewe. Barua nyingi husema "kwa madhumuni ya biashara", maneno ambayo hayamwambii ofisa chochote. Barua nzuri husomeka hivi: *"Kampuni yetu ilinunua mashine ya kufungashia, yenye namba ya utambulisho iliyotajwa hapa chini, kutoka kwa mwajiri wa fundi huyu. Kwa mujibu wa kifungu cha 7 cha mkataba, muuzaji atatuma fundi kuiwasha na kuwafundisha waendeshaji wetu wanne. Atakuwa kiwandani kuanzia tarehe 3 hadi tarehe 11. Mshahara, tiketi na malazi vinalipwa na mwajiri wake."*

Iambatane na barua ya mwajiri wako inayosema hayohayo, ukurasa husika wa mkataba, na namba ya simu ya mtu wa upande wa mteja atakayepokea hata saa nane usiku, maana ndege nyingi hutua saa hizo. Tarehe katika barua mbili zikitofautiana, hata kwa siku moja, zirekebishwe kabla ya safari. Chapa nakala pia. Barua iliyo kwenye simu haina faida pale ambapo kutumia simu kumekatazwa, na kwenye foleni za uhamiaji nyingi kumekatazwa.

Siku 90 za Schengen zinahesabiwaje?

Schengen ni eneo la nchi za Ulaya zilizoondoa ukaguzi wa pasipoti baina yao. Ni siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na kipindi hicho kinatembea. Chukua siku unayotaka kuwa huko, rudi nyuma siku 180, hesabu siku zote ulizokuwa ndani ya eneo hilo. Siku ya kuingia inahesabiwa na ya kutoka inahesabiwa. Nchi zote 29 za eneo hilo huhesabiwa kama moja, kwa hiyo kutoka Ufaransa kwenda Uhispania hakuanzishi hesabu upya, wala kutoka nje mwishoni mwa wiki.

Tangu tarehe 12 Oktoba 2025 mpaka wa eneo hilo ulianza kuhamia kwenye mfumo wa kielektroniki unaochukua picha ya uso na alama za vidole badala ya kugonga muhuri. Wale waliozoea kutegemea muhuri uliofifia wamepoteza maficho.

Wengi hukosea jambo moja hapa: siku 90 ni haki ya kukaa. Haki ya kufanya kazi hutolewa na kila nchi kivyake, kama ule mfano wa Ujerumani.

Pasipoti yangu bado haijaisha. Kuna tatizo?

Linaweza kuwepo. Nchi nyingi hudai iwe na uhai wa miezi sita kuanzia unapoingia. Schengen hudai miezi mitatu baada ya siku unayopanga kuondoka, na pasipoti iwe imetolewa ndani ya miaka 10 iliyopita. Hakikisha pia una kurasa mbili tupu.

Cheti cha homa ya manjano kinaisha lini?

Hakiishi. Tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti kinadumu maisha yote ya mwenye nacho, hata kile cha zamani kilichoandikwa miaka 10. Kinaanza kutambulika siku 10 baada ya sindano, kwa hiyo fundi anayechanjwa leo kwa safari ya kesho hajasaidika.

## Dirishani

Ofisa akiuliza nimekuja kufanya nini, nijibu vipi?

Kwa sentensi moja ya kweli, inayolingana na barua. "Nimekuja kuwasha mashine ambayo kampuni yetu imeiuza kwa kiwanda fulani, nitakaa siku tisa, nalipwa na kampuni yangu." Kisha nyamaza. Mafundi tuna tabia ya kueleza zaidi ya tulichoulizwa, na katika maelezo hayo ndimo linapotoka neno litakaloibua maswali mengine ishirini.

Usiseme umekuja kutalii. Kuna wasimamizi ambao bado huwashauri vijana wao waseme hivyo "ili mambo yaende haraka". Ni ushauri mbaya sana. Begi lenye kipima umeme na buti za usalama halifanani na la mtalii, na uongo hukaa kwenye kumbukumbu kuliko kosa la viza. Uingereza inaweza kumzuia aliyedanganya asipewe ruhusa ya kuingia kwa miaka 10. Marekani, kudanganya ili upate kuingia kunaweza kukufungia mlango maisha yako yote, isipokuwa upewe msamaha maalumu.

Msimamizi akikushauri udanganye, mwombe aandike ushauri huo kwenye barua pepe. Wengi hubadili mawazo hapohapo.

Wanaweza kupekua simu na laptopu yangu?

Katika nchi nyingi, ndiyo. Maofisa wa mpaka wa Marekani wana mamlaka ya kukagua vifaa vya kielektroniki. New Zealand, chini ya sheria ya forodha ya mwaka 2018, anayekataa kutoa nywila bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini ya hadi dola 5,000 za nchi hiyo. Kinga iliyo rahisi ni kusafiri na laptopu ya safari, yenye mafaili ya kazi hiyo tu. Michoro ya wateja wengine ibaki nyumbani. Sababu ya pili ya kufanya hivyo iko kwenye swali la vifaa vinavyohitaji kibali cha kutoka nchini.

Nikikataliwa kuingia?

Uliza kwa utulivu kama unaweza kuondoa ombi lako la kuingia na kurudi kwa hiari. Marekani, tofauti ni kubwa: anayeondolewa kwa amri ya haraka huzuiwa kurudi kwa miaka mitano, anayeruhusiwa kuondoa ombi lake hapati zuio hilo. Ila hiyo ni hisani ya ofisa, huwezi kuidai kama haki. Usitie saini maelezo usiyoyaelewa, omba mkalimani. Na tangu siku hiyo, kila fomu ya viza itakayouliza kama umewahi kukataliwa, jibu ni ndiyo.

## Vifaa na vipuri

Nawezaje kuingia na vifaa vya kazi bila kulipishwa ushuru?

Njia iliyonyooka ni karneti ya ATA, hati ya forodha inayokubaliwa katika takriban nchi 80 na inayotokana na mkataba wa mwaka 1961. Hutolewa na chama cha wafanyabiashara cha nchi yako kwa kuweka dhamana, na huishi hadi mwaka mmoja. Ina orodha ya kila kifaa: jina, namba ya utambulisho, uzito, thamani. Kila unapovuka, forodha hugonga muhuri, hukata ukurasa wake na kukuachia kipande cha pembeni.

Uzembe wa kawaida ni kupita bila muhuri wakati wa kutoka, kwa sababu ndege inaita na dirisha la forodha liko mwisho mwingine wa jengo. Usifanye hivyo. Bila muhuri wa kutoka, nchi ile inahesabu kifaa kimebaki kwake, na dai la ushuru litaikuta dhamana yenu miezi kadhaa baadaye.

Orodha iandikwe na mtu aliyeshika kifaa mkononi. Ofisa akiamua kukagua hufungua sanduku, hugeuza kipima umeme, huwasha tochi kwenye kile kibandiko kidogo cha mgongoni na kusoma namba tarakimu kwa tarakimu. Sifuri iliyoandikwa kama herufi O inaweza kukuweka hapo mchana mzima.

Nchi hiyo haiko kwenye mfumo wa karneti. Nifanyeje?

Omba uingizaji wa muda kwa utaratibu wa nchi yenyewe, kwa kawaida kupitia wakala wa forodha wa mteja na kwa kuweka dhamana. Huchukua siku, wakati mwingine wiki. Kama vifaa ni vya kawaida, hesabu upya: huenda mteja akikodi kulekule ikawa nafuu.

Na vipuri vitakavyobaki kwenye mashine?

Hivyo haviingii kwenye karneti, kwa sababu karneti ni ya vitu vitakavyorudi. Vipuri, mafuta na vinavyotumika vikaisha huingizwa kama bidhaa, kwa ankara yenye thamani halisi, hata kama mteja hatozwi kwa kuwa viko chini ya waranti. Ankara iliyoandikwa "sifuri" hurudishwa.

Betri za drili naziweka begi gani?

Betri za akiba za lithiamu unaingia nazo ndani ya ndege, kamwe si kwenye mzigo wa chini. Hadi Wh (wati-saa) 100 hakuna kibali kinachohitajika. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege na unabeba mbili tu za akiba. Zaidi ya 160 haziruhusiwi kwa abiria. Kama kibandiko hakionyeshi Wh, zidisha volti kwa Ah (ampea-saa): betri ya volti 18 yenye Ah 5 ni Wh 90, inapita, yenye Ah 6 ni 108, inahitaji ruhusa. Funika ncha zake kwa utepe. Makopo ya dawa ya kusafishia nyaya na gundi zinazowaka usibebe kabisa, agiza kwa mteja.

Kuna vifaa vinavyohitaji kibali cha kutoka nchini?

Vipo, na ndilo swali ambalo watu hulisahau kwa kuwa akili zao ziko kwenye kuingia. Kamera za joto, baadhi ya vifaa vya usimbaji fiche, vipimo vya usahihi wa juu na programu zake vinaweza kuangukia kwenye orodha za bidhaa zenye matumizi mawili, ya kiraia na ya kijeshi. Nchi nyingi za viwanda hufuata orodha za Makubaliano ya Wassenaar ya mwaka 1996. Mchoro wa kiufundi ulio ndani ya laptopu nao huhesabiwa kuwa umesafirishwa nje. Vifaa vyenye asili ya Marekani huendelea kufuatwa na sheria za Marekani hata vikitoka nchi ya tatu kwenda ya nne.

Upande wa kuingia nao una mitego yake. India, kwa mfano, hairuhusu simu ya setilaiti bila kibali, na watu wamekamatwa uwanja wa ndege kwa hilo.

## Kodi, hifadhi ya jamii na bima

Nikikaa chini ya siku 183 silipi kodi kule, si ndiyo?

Si hivyo moja kwa moja. Siku 183 hutoka kwenye mikataba ya kuepuka kutozwa kodi mara mbili, na katika mkataba wa mfano wa OECD (Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo) ni sharti moja kati ya matatu: usizidishe siku 183 katika miezi 12, mshahara ulipwe na mwajiri asiye mkazi wa nchi ile, na gharama yake isibebwe na tawi la kudumu la mwajiri lililoko kule. Yote matatu yatimie. Ofisi ya tawi ikibebeshwa gharama ya mshahara wako, kinga inaanguka hata kwa siku tano. Na kama nchi hizo mbili hazina mkataba, kinga haipo tangu mwanzo.

Kwa hesabu hii, sehemu ya siku ni siku nzima, na Jumapili uliyolala hotelini imo.

Kwa nini mteja wa Ulaya anataka cheti cha A1?

Kinathibitisha kwamba unachangia hifadhi ya jamii katika nchi nyingine ya Umoja wa Ulaya, ili usidaiwe mara mbili. Kinahusu waliomo kwenye mfumo wa huko, na kinahitajika hata kwa safari ya siku moja. Anayetokea nje ya Ulaya hutegemea mkataba kati ya nchi husika, kama upo. Zaidi ya hapo, mwajiri anayemtuma mtu kufanya kazi katika nchi ya Umoja huo mara nyingi hutakiwa kutoa taarifa mtandaoni kabla ya siku ya kwanza. Ufaransa ina mfumo wake uitwao SIPSI.

Bima ya safari inatosha?

Soma sehemu ya visivyolipwa. Bima nyingi za safari hazigusi kazi za mikono, kazi za juu wala za umeme. Unahitaji ile inayotaja kazi yako.

## Hali zisizo za kawaida

Mashine imegoma na siku zinaisha. Nibaki?

Omba nyongeza kabla ya siku ya mwisho, pale nchi inaporuhusu, na usikae ukisubiri huruma. Isiporuhusu, toka, atumwe mwingine. Mteja atalalamika, alalamike. Anayepitiliza muda ni wewe, na rekodi itaandikwa jina lako.

Mteja ananiomba nimwangalizie mashine nyingine, ya kampuni tofauti.

Mwambie kwa adabu kwamba ruhusa yako ni ya mashine iliyo kwenye mkataba. Dakika unapofungua mfuniko wa ile nyingine, ile hoja ya huduma baada ya mauzo inaisha.

Jioni nafanya kazi za ofisi yangu ya nyumbani nikiwa hotelini. Ni kosa?

Barua pepe chache hazimshughulishi mtu. Uingereza iliandika wazi tangu tarehe 31 Januari 2024 kwamba mgeni anaweza kufanya kazi ya mbali ya mwajiri wake wa nje, mradi isiwe ndiyo sababu kuu ya safari. Nchi nyingi nyingine ziko kimya.

Mimi ni mkandarasi huru, si mwajiriwa wa muuzaji.

Uko kwenye nafasi ngumu zaidi. Njia nyingi zilizotajwa juu zimeandikwa kwa mwajiriwa wa kampuni iliyouza. Ukimtumia mteja ankara moja kwa moja, unaonekana umekuja kutafuta soko la kazi. Ulizia kibali kamili cha kazi mapema, na bei yake iingie kwenye makadirio yako.

Naishi na kufanya kazi kihalali nchi moja ya Umoja wa Ulaya, lakini pasipoti yangu ni ya nje. Naweza kutumwa nchi jirani?

Kwa kawaida ndiyo, bila kibali kipya cha kazi. Mahakama ya Haki ya Ulaya iliamua hivyo mwaka 1994 katika kesi ya Vander Elst: mwajiriwa halali wa kampuni ya nchi mwanachama anaweza kwenda na mwajiri wake kutoa huduma katika nchi mwanachama nyingine. Baadhi ya nchi bado hudai viza au taarifa yenye jina hilohilo, hasa kazi ikizidi miezi mitatu. Beba kadi ya ukaaji, mkataba wa ajira na cheti cha A1.